Kaa wa gando moja: anza na macho, rangi iwe mwisho

Siku ile ya bamvua nilishuka Mikindani, hapa Mombasa, maji yashapwa hadi mwisho, nikakuta vijana wawili wamechutama chini ya mchu, mmoja wa miti ya mikoko, kila mmoja ana kaa wake ndani ya chupa ya plastiki iliyokatwa juu, na wanabishana kwelikweli. Wa kwanza gando lake jekundu kama pilipili. Wa pili gando jeupe, lina uwaridi kidogo tu pale kwenye kiganja. Na vijana washaamua hizo ni aina mbili, na kwamba yule mwekundu ni aina moja na mwekundu mwengine waliyemwona kule ndani kwenye kivuli cha mikoko. Nikawaomba wanisogezee. Nikawaangalia hao kaa usoni, nikaja kwenye gando, nikamaliza na miguu. Wawili wa kwenye chupa walikuwa aina moja. Yule wa kivulini, tulipomwendea na kumwona kwa karibu, ni mwengine kabisa.

"Sasa ami, kama rangi haisemi kweli, waangalia nini?"

Swali zuri na jibu lake ni refu, ndo maana naandika.

Tuelewane kwanza twazungumzia nani. Ni wale kaa wadogo wa kwenye tope na mchanga wa mikokoni ambao dume ana gando moja kubwa kupita kiasi na moja dogo kama kijiko, na jike ana madogo yote mawili. Hilo gando kubwa laweza kufika karibu nusu ya uzito wa kaa mwenyewe, na halimsaidii kula hata kidogo. Dume ala kwa mkono mmoja, yuwachota tope na kupeleka mdomoni, chakula chabaki mdomoni na mchanga watoka umefinyangwa vidonge vidogo vya duara, zile tembe uonazo zimetapakaa mbele ya shimo. Jike ala kwa mikono miwili. Gando kubwa kazi yake ni kupunga kuita majike na kupigana na madume wenzake, basi.

Watu wengi huwachanganya na kaa wengine wawili. Kuna wale weupeweupe wa ufukweni Nyali na Bamburi wakimbiao kama upepo jioni. Hao magando yao hayalingani sawasawa, lakini tofauti ni ndogo na iko kwa dume na jike, tena aina moja yao akikomaa huwa na kipembe juu ya jicho. Wa pili ni yule wa mikokoni mwenye mwili wa mraba na magando mekundu, apandae hadi kwenye mizizi. Huyu ndo hudanganya zaidi kwasababu ya ule wekundu. Hesabu magando: ukiona makubwa mawili yanayolingana, huyo si wetu, achana naye.

Haya, sasa kwa upande wetu huu wa pwani ya Kenya aina za kaa wa gando moja ni sita. Sita tu! Mtu akisikia duniani ziko zaidi ya mia moja huogopa, lakini ukiwa umesimama Tudor au Mtwapa au Port Reitz wachagua kati ya sita. Hiyo peke yake yaondoa nusu ya tabu. Mimi mwanzo nilitumia programu moja ya simu, naipa picha inanipa jina, siku moja ikaniambia kaa wa Jomvu ni wa aina ya Florida, huko Marekani. Hayawezekani. Programu inafananisha rangi na umbo la picha kwa picha, haijiulizi uko bahari gani.

Rudi usoni kwa kaa. Macho yake yako juu ya vikonyo virefu, na vikonyo hivyo vyaanzia katikati ya uso. Ile nafasi iliyoko baina ya vikonyo viwili pale vinapoanzia, tuiite paji, ndo kitu cha kwanza mimi naangalia. Kuna kaa paji lake ni jembamba mno, kama kijiti kilichopita katikati, vikonyo karibu vinagusana. Na kuna kaa paji lake ni pana, macho yamekaa mbalimbali kama mtu mwenye uso mpana. Hakuna haja ya darubini, ukipiga picha ya mbele ukaikuza kidogo waona. Na uzuri wake ni kwamba paji halibadiliki na jua wala na hasira wala na kushikwa, na jike analo kama dume, kaa aliyekatika gando analo vilevile.

Paji jembamba: wako watatu. Paji pana: watatu pia. Kwahivo kwa kuangalia jambo moja tu ushafika kwenye watatu.

Twende kwa wenye paji jembamba. Hawa gando lao kwa nje lina vipele, ukipitisha kidole wavihisi, si laini. Wawili kati yao ni ndugu wa karibu, jina lao la kisayansi laanza na Gelasimus, na wana alama moja ambayo naipenda kuliko zote: karibu madume wote gando kubwa liko mkono wa kulia. Kwa aina nyengine za hapa kwetu ni nusu kwa nusu, huyu kulia yule kushoto, lakini hawa wawili waweza kukaa asubuhi nzima kuhesabu na wa kushoto ukampata mmoja au usimpate. Kwahivo ukikuta kundi lote lapunga mkono wa kulia ushajua ni Gelasimus kabla hata hujamkaribia mmoja. Ila lazima uangalie kundi. Kaa mmoja wa kulia hakuthibitishii kitu.

Kati ya hao wawili, Gelasimus tetragonon ndiye mrembo wa pwani hii, gamba la mgongo ni buluu ya kung'aa lenye madoa na michirizi myeusi, na miguu ya rangi ya machungwa inayoelekea wekundu. Hapo rangi yasaidia kweli, na sikatai. Lakini na yeye hapatikani kwenye tope la ndani, yeye hupenda mchanga uliochanganyika na vipande vya matumbawe na mawe, chini karibu na maji. Mwenzake, Gelasimus hesperiae, gamba lake ni la kahawia na kijivu la madoadoa, halivutii macho, lakini gando lake chini ni la manjano ya kukolea, machungwa kabisa wengine, na vidole vyeupe. Na kile kidole cha chini kina meno makubwa ya pembetatu yaliyochongoka, waweza kuyaona kwa mbali. Yuko chini kwenye uwanda wa wazi uliobaki na majimaji, hayuko chini ya miti.

Wa tatu wa paji jembamba ni Tubuca urvillei. Huyu ni mkubwa, na ni wa tope zito, lile tope la kuzama hadi goti karibu na vijito ndani ya mikoko. Dume gamba lake jeusi na mbele ana buluu inayowaka, gando la machungwa au jekundujekundu lenye vipele vikubwa. Watu humchanganya na tetragonon kwasababu ya buluu. Angalia kasimama wapi: tope zito au mchanga wa mawe. Halafu angalia gamba kwa juu, la Tubuca limetanuka mbele na kubana sana nyuma. Na hesabu mikono ya kundi, wa kushoto wamejaa.

Sasa tuje kwa wenye paji pana, na hapa ndipo vijana wangu wa Mikindani walipokwama, manake hawa watatu wote waweza kuwa na gando jekundu.

Anayejaa zaidi ni Austruca occidentalis. Ukishuka popote penye mchanga wa tope ulio wazi, mbele au pembeni ya mikoko, ukaona uwanja mzima wapunga kama watu wanaoaga meli, uwezekano mkubwa ni yeye. Ni mdogo, dume mkubwa gamba lake ni kama upana wa sarafu ya shilingi tano. Gamba jeusi lenye mistari na mabaka meupe au ya buluu nyeupe yaliyokata kwa upana. Gando laini, halina vipele vya kuhisi, vidole virefu vyembamba. Na rangi ya hilo gando ndo tabu yenyewe: yuko mweupe, yuko wa waridi, yuko wa machungwa, yuko mwekundu, wote kwenye uwanja mmoja, mashimo yamepakana. Wale wawili wa kwenye chupa walikuwa hawa.

Yule wa kivulini ni Paraleptuca chlorophthalmus. Jina hilo kwa Kigiriki lamaanisha mwenye macho ya kijani, na ukimwangalia vizuri macho na vikonyo vyake vina ukijani wa manjano. Miguu yake yote ni myekundu, mekundu iliyokolea hadi chini, si ya kahawia wala ya pete pete kama ya Austruca. Gamba jeusi lina mabaka ya buluu. Na yeye hapendi jua kali, yuko chini ya miti kwenye tope lenye kivuli. Kwahivo gando likikuchanganya shuka kwenye miguu, kisha inua kichwa uangalie kama umesimama juani au chini ya majani.

Wa mwisho ni Cranuca inversa, yuko juu zaidi, upande wa nchi kavu, kwenye ule mchanga ambao maji huufikia kwa tabu. Gando lake ni la waridi au jekundu na ncha nyeupe. Huyu ana muhuri wake: kile kidole cha juu cha gando, karibu kabisa na ncha, kina jino kubwa la pembetatu, hivo ncha yaonekana kama imekatwa, haichongoki taratibu kama ya wengine. Ukiliona hilo jino umemaliza kazi.

Lakini ngoja, kuna mtego hapo. Kaa akipoteza gando, kwa kupigana au kwa kuliacha mdomoni mwa ndege, humea jengine kila anapojivua gamba. (Na linamea upande uleule, ile hadithi ya kwamba mkono mdogo ndo unageuka kuwa mkubwa si kweli kwa kaa hawa.) Gando jipya lafika urefu wa zamani lakini ni jembamba, jepesi, na meno hayarudi kama yalivyokuwa, vipele pia vyapungua. Kwahivo jino likikosekana usikimbilie kusema si inversa, huenda ni gando la pili. Ndo maana paji ni la kwanza na gando la pili, na ndo maana nasema angalia zaidi ya kaa mmoja.

Na kwanini nasema rangi iwe mwisho? Kwasababu kaa hawa rangi yao yaenda na saa. Mchana hukolea, usiku hupauka, wana mdundo wa ndani wa kubadilisha. Kaa aliyetoka shimoni sasa hivi akiwa na tope ni tofauti na yeye huyohuyo baada ya robo saa ya jua. Anayekaribia kujivua gamba hufifia. Kaa aliyeshikwa hufifia pia, na hili nililiona na wale vijana: yule mwekundu wa chupani tulipofika alikuwa ana mabaka meupe safi mgongoni, mpaka tunarudi kutoka kivulini mabaka yashakuwa kijivu cha majivu, hata kijana mwenyewe akauliza kama nimembadilishia. Ukimpiga picha mkononi mwako umepiga picha ya kaa mwenye hofu, si ya kaa alivyo. Na watoto wao hawafanani na wakubwa, wengi ni kahawia tu.

Kwahivo mpige akiwa pale pale kwake. Na hapa kuna siri ambayo ikikukaa kazi yarahisika sana. Macho yake yako juu ya vijiti kwasababu yeye dunia yake ni bapa, na chochote kinachopita juu ya mstari wa upeo wa macho yake, kwake ni adui, ni ndege. Chochote kilicho chini ya mstari ni kaa mwenzake. Ukisimama wima wewe ni kulastara. Ukikaa chini, ukatulia, si dakika mbili, hata dakika kumi au kumi na tano bila kuinua mkono, wanaanza kutoka, kwanza macho, kisha nusu ya mwili, halafu uwanja mzima unarudi kazini kana kwamba hukuja. Hapo ndo piga: moja ya usoni kwa ajili ya paji, moja ya juu kwa ajili ya gamba, moja ya nje ya gando, na moja ya mbali inayoonyesha kasimama kwenye nini, mchanga au tope, jua au kivuli. Hiyo ya nne watu huisahau na mimi bila hiyo huwa nakataa kumpa mtu jina.

Kukaa hivo kwakupa na kitu chengine, mapungo. Wenye paji pana hupunga kwa kutupa gando nje pembeni, kisha juu, kisha lashuka mbele, kama duara. Wenye paji jembamba wengi hupunga juu na chini tu. Na Austruca jike akipita, madume wa jirani waweza kupunga kwa pamoja, juu wote, chini wote, nilivyoona mara ya kwanza nilisahau hata kamera.

Sasa majina, hapa ndo kuna mkanganyiko mwengine ambao si kosa la kaa. Ukifungua kitabu cha zamani kidogo, wote sita wako chini ya jina moja, Uca. Mwaka 2016 wanasayansi waliigawa Uca ikawa jenasi 11, yaani makundi ya aina zilizo ndugu wa karibu, na jina Uca lenyewe likabaki kwa baadhi ya kaa wa Marekani tu, huku Afrika Mashariki hatuna hata mmoja. Hayo mapya hayakubuniwa mwaka huo, mengi ni majina ya zamani yaliyofufuliwa: Austruca, Tubuca na Paraleptuca yalitolewa 1973, Gelasimus ni ya 1817. Cranuca ni ya 2006, kwa heshima ya Jocelyn Crane, mama aliyetumia maisha yake kuwachunguza hawa kaa, na ndiye aliyempa hesperiae jina mwaka 1975.

Kisha mwaka huohuo wa 2016 likatokea jengine. Yule wetu wa mchangani alikuwa akiitwa annulipes, pamoja na wa Asia. Walipopima vinasaba na kuangalia viungo kwa makini wakakuta wa Afrika Mashariki ni aina yake mwenyewe, wakamwita occidentalis, yaani wa magharibi, magharibi ya Bahari ya Hindi. Na hesperiae nalo lina maana hiyohiyo ya magharibi, yeye zamani alihesabiwa tawi la vocans, jina alilolitoa Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, mwaka 1758 likimaanisha anayeita, kwa ule mkono. Kwa ufupi ukisoma annulipes au vocans kwenye maandishi ya zamani ya Mombasa, elewa ni occidentalis na hesperiae. Lakini ukitafuta kwenye intaneti ukaletewa picha za annulipes wa Thailand usizitumie kulinganisha na kaa wa Tudor, hao ni wengine, na watu wengi huingia hapo bila kujua.

Limebaki la majike, na kwao sina njia ya mkato. Paji latumika vilevile. Miguu yatumika, mekundu ya chlorophthalmus iko kwa jike pia. Mahali panatumika. Gando halipo. Ukitaka kuhakikisha kabisa ni kuangalia kwa hadubini zile sehemu za uzazi chini ya tumbo, na hata kwa madume mabishano makubwa huamuliwa huko, kwenye ncha ya kile kiungo kidogo kilichofichwa chini ya mkia. Hiyo ni kazi ya maabara. Mimi jike nikimwona peke yake naandika paji jembamba au pana, na kama madume waliomzunguka wote ni aina moja naandika na hilo, kisha nasimamia hapo.

Wale vijana niliwaambia wawarudishe kaa pale pale walipowatoa, manake kila mmoja ana shimo lake na akirudishwa mbali atapigwa na wenye mashimo. Wakawamwaga polepole. Wa gando jeupe alikimbia moja kwa moja, akaingia. Mwekundu alizunguka, akasimama, akainua macho, na alipopata mlango wake aliugeukia ubavu akazama, gando likawa la mwisho kupotea.